Kila Januari naandika malengo, kila Juni nachana ukurasa

*"Habari za kazi, daktari. Mimi ni muuguzi wa hospitali ya wilaya mkoani Morogoro, nina miaka 36 na watoto wawili ninaowalea mwenyewe. Kila Januari naandika malengo kwenye daftari. Tulishafundishwa kwenye semina kazini kwamba lengo lazima liwe SMART, kwa hiyo yangu yote yana namba na tarehe: kupaua nyumba kabla ya Desemba, kuanza digrii Oktoba, kufuga kuku 300, kupunguza kilo 12, kusoma Biblia yote kwa mwaka, na kila Jumapili kushinda na wanangu. Mwaka huu nilianza vizuri, Februari nikanunua nondo na mifuko saba ya saruji. Machi mama akapata kiharusi, nikamleta kwangu. Hela ya paa iliishia kwenye dawa na pampasi, nikaongezea mkopo wa kausha damu wa laki tano. Kaka zangu wawili wako Dar, wanapiga simu kuulizia hali. Juni nikafungua daftari, nikaona sijatimiza hata moja, nikachana ukurasa. Nikiingia WhatsApp naona status za niliosoma nao wanahamia kwao, roho inaniuma. Rafiki yangu ananiambia niache malengo ya namna hiyo, niweke yanayofuata kile ninachokithamini na yanayoweza kubadilika. Mimi naona hiyo ni njia ya kistaarabu ya kujidanganya. Lengo likibadilika, lengo liko wapi? Au niseme tu ukweli kwamba sina nidhamu? Na je, ninunue daftari jipya? Naomba unijibu kwa urefu."*

Dada yangu, pole kwa kuuguza. Naanza na hilo kabla ya malengo, maana katika barua yako yote ugonjwa wa mama umeutaja kama kitu kilichokuvurugia ratiba, na nadhani hapo ndipo tatizo lilipojificha. Nitalirudia. (Na mimi si daktari wa vidonge, ni mwanasaikolojia. Dawa za mama wewe unazijua kuliko mimi.)

Umeuliza kama malengo yanayobadilika ni malengo kweli. Chini ya swali hilo kuna jingine, ambalo naona ndilo linalokunyima raha: kama wewe una kasoro. Nianze na la pili kwa sababu ni jepesi. Mtu asiye na nidhamu hamgeuzi mgonjwa wa kiharusi kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kisha akaenda zamu ya usiku, kisha asubuhi akaandaa watoto wa shule. Ningekusomea barua hii kama ya mtu mwingine, ungeniuliza huyo mama analala saa ngapi. Nidhamu unayo. Daftari lako ndilo lisilojua kuihesabu kazi unayoifanya.

Tuje kwenye hiyo SMART (herufi za Kiingereza zinazotaka lengo liwe mahususi, lipimike, lifikike, liwe la uhalisia na liwe na muda), maana semina zetu huifundisha kama amri ya kumi na moja. Ilitoka kwenye makala fupi ambayo Mmarekani mmoja, George Doran, aliichapisha Novemba 1981 katika jarida la mameneja. Aliwalenga wakuu wa makampuni waliokuwa wakihangaika kuandika malengo ya idara zao. Herufi A kwake haikuwa "linalofikika" kama tunavyokaririshwa siku hizi. Alimaanisha lengo liwe na mtu aliyepangiwa kulitekeleza. Na mwenyewe alisema si lazima kila lengo libebe herufi zote tano. Sasa tazama kifaa hiki kilizaliwa wapi: mahali penye bajeti, penye mtu wa kukaimu ukiugua, penye mwaka wa fedha unaofungwa na kufunguliwa. Nyumbani kwako mkurugenzi ni wewe, mhasibu ni wewe, mfagizi ni wewe, na wa kukaimu hayupo.

Sitaki uondoke ukidhani namba na tarehe ni upuuzi. Zinafanya kazi, tena sana. Mwaka 1975 Gary Latham, mmoja wa watafiti wakubwa wa mambo ya malengo, alichapisha na mwenzake utafiti wa madereva wa malori ya magogo huko Marekani. Malori yalikuwa yakibeba karibu asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Madereva wakaambiwa walenge asilimia 94, badala ya ile kauli ya "jitahidini". Bila kuongezwa hata senti ya mshahara, baada ya miezi kadhaa malori yalikuwa yakibeba kama asilimia 90. Latham na Edwin Locke walijenga nadharia nzima juu ya matokeo ya aina hiyo. Lakini wao wenyewe waliweka masharti: mtu awe na uwezo wa kazi hiyo, awe ameikubali kwa moyo, apate taarifa ya anavyoendelea, na vizuizi visiwe nje ya mkono wake. Dereva yule alikuwa na lori, magogo na mzani. Mama yake akiugua, magogo hayapungui msituni. Paa lako lilikuwa limesimama juu ya hela ambayo kiharusi kinaweza kuichukua siku moja, na kiliichukua.

Kuna jambo jingine ndani ya hadithi yako ambalo wenzangu wamelichunguza kwa muda mrefu. Mwaka huohuo wa 1975 Peter Herman na mwenzake waliwaita wanafunzi waje "kuonja aiskrimu". Baadhi yao walikuwa watu wa kujinyima chakula ili wasinenepe. Kabla ya kuonja, wengine walipewa kwanza glasi ya maziwa mazito matamu. Ungetegemea waliokunywa wale aiskrimu kidogo, si wameshashiba? Wasiojinyima walifanya hivyo. Wale wa kujinyima walifanya kinyume: wakishakunywa maziwa, walikula aiskrimu nyingi zaidi kuliko wenzao wa kujinyima ambao hawakupewa kitu. Sharti lilikuwa limeshavunjika, kwa hiyo liwalo na liwe. Kiswahili kina neno zuri kwa hali hiyo: *potelea mbali*. Na wewe hukuchana ukurasa Machi, mama alipougua. Ulichana Juni, ulipoona hakuna hata mstari mmoja wa kuwekea tiki. Lengo la "yote au hakuna" lina tabia hiyo. Likipasuka mahali pamoja linamwagika lote, hata pale ambapo ulikuwa bado una hatua za kupiga.

Sasa kuhusu rafiki yako. Naona amekuambia kitu sahihi kwa maneno yasiyojitosheleza.

Neno lenyewe linatupa tabu. Ukimwambia Mtanzania "panga maisha kwa maadili yako", atafikiri habari za mavazi na ulevi. Mimi hutumia neno *tunu*: kile ambacho ungekitunza hata kama hakuna anayekuona wala kukulipa. Steven Hayes na wenzake, ambao tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakijenga aina ya tiba inayoweka tunu katikati, wanatofautisha hivi: lengo unalifikia na linakwisha, tunu unaiishi na haikwishi. Kupaua kuna siku yake, utapiga picha na utaweka status. Kuwapa wanao mahali pa kutulia hakuna siku utakayosema nimemaliza. Ulianza kabla ya kununua nondo, na utaendelea paa likiwa limeshika kutu.

Lengo linaruhusiwa kupinda. Tunu ndiyo isiyopindishwa ovyo. Ukivigeuza, ukaishikilia tarehe ya kupaua na kuiachia ile sababu iliyokufanya utake nyumba, unapata kile ninachokiona kwa wateja wengi: nyumba imekwisha, watoto hawazungumzi na mama yao.

Fikiria mkulima wa huko kwenu. Amepanga mahindi, mvua zimechelewa mwezi mzima. Anaweza kuyapanda kwa sababu ndivyo alivyosema Oktoba, au akapanda mtama na mihogo kwa sababu alichotaka tangu mwanzo ni watoto wasilale njaa. Akipanda mtama hakuna jirani atakayemwambia hana nidhamu. Huyo wa mahindi ndiye tutakayemchangia unga.

Unaijuaje tunu yako? Usichukue orodha ya maneno mazuri ukachagua matano. Nimewaona watu wakifanya hivyo, wote hutoka na "upendo, uadilifu na bidii", kisha maisha yanaendelea kama jana. Anza na hicho kinachouma. Wivu ni kama kipimajoto: hakikuambii ni malaria au nimonia, ila kinakuambia kuna homa. Ukiona status ya mwenzako anahamia kwake, jiulize ni kipi hasa kinachokuchoma. Ni lile bati? Au ni kwamba yeye hakuna tena wa kumgongea mlango na kumwambia hamisha vitu mwisho wa mwezi? Kama ni hilo la pili, tunu yako ni usalama wa wanao, na usalama una njia ambazo hazihitaji bati mwaka huu. Mojawapo ni kukaa na mwenye nyumba mkaandikiana mkataba wa mwaka mzima, wenye kifungu cha notisi ya kueleweka, badala ya kuishi kwa miezi mitatu mitatu ukisikilizia. Haina picha ya kuweka status. Watoto wataihisi.

Swali la pili la kuuliza kila mstari: hapa nani anaongea? Kuku 300, kwa mfano. Utanisamehe, ila sijawahi kukutana na mtumishi wa umma mwenye daftari la malengo asiye na kuku ndani yake. Makundi ya WhatsApp ya kazini yana kuku kuliko masoko. Kennon Sheldon na Andrew Elliot walionyesha mwaka 1999 kwamba malengo ambayo mtu anayafuata kwa kuyapenda au kuyaamini mwenyewe huyapigania kwa muda mrefu zaidi kuliko yale anayoyafuata kwa kusukumwa na watu au kwa kuona aibu. Kama kuku ni sauti ya kundi, futa, usijitetee kwa mtu. Kama kweli unapenda kufuga, basi 300 ndiyo namba ya mwisho kuandika, kwa sababu hujawahi kufuga hata 30. Kwa kazi mpya na ngumu, Locke na Latham wenyewe wanashauri lengo la kujifunza kabla ya lengo la idadi. Chukua vifaranga 30. Lengo liwe kujua kwa mikono yako chanjo ya kideri ya siku ya 7, ya Gumboro siku ya 14, kurudia kideri siku ya 21, na banda linanukaje likiwa na unyevu. Hao 30 wakifa, umejifunza kwa bei nafuu.

Biblia: ina sura 1,189, maana yake ni zaidi ya sura tatu kila siku bila kuruka. Ukiuguza siku kumi unadaiwa sura thelathini na kitu, na wengi deni hilo huwakuta katikati ya Mambo ya Walawi, ndipo wanapoishia. Kama ulichotaka ni kuwa karibu na Mungu, zaburi moja unayomsomea mama kabla hajalala inatosha kuitwa utimilifu, na mgonjwa wa kiharusi anayesomewa kwa sauti anapata chake pia. Kama ulichotaka ni kusema umeimaliza yote, sawa, lakini ujue ndicho ulichotaka.

Jumapili na wanao: zamu haijui Jumapili. Andika saa, usiandike siku.

Digrii nisingeifuta, ningeiahirisha kwa macho makavu. Mwaka huu kazi yako upande huo iwe kukusanya vyeti, kuulizia utaratibu wa ruhusa ya masomo kwa mwajiri, na kujua ada halisi ya vyuo viwili. Mambo matatu ya karatasi. Kilo 12 ziweke pembeni kabisa kwa sasa; pima presha yako mara kwa mara, kwa sababu mama amepata kiharusi na wewe hulali.

Sasa jinsi ya kuandika. Mimi huwaelekeza watu wakate kila lengo kwa vipimo vitatu, kama fundi cherehani: cha mwezi mzuri, cha mwezi wa kawaida, na cha mwezi wa msiba. Hicho cha tatu ndicho chenye kazi, na kiwe kidogo mpaka uone haya kumsomea mtu. Kwa wanao: mwezi mzuri, mnatoka nusu siku. Mwezi wa kawaida, chakula cha jioni pamoja mara tatu kwa wiki, simu ikiwa kabatini. Mwezi wa msiba, dakika kumi kitandani kwa mmoja mmoja, unauliza leo shuleni nani alichapwa. Ukifanya dakika kumi hizo unaweka tiki, na tiki hiyo ina uzito sawa na ya nusu siku. Hivyo ndivyo unavyoizuia *potelea mbali*: kunakuwa hakuna mwezi ambao mstari umevunjika kabisa.

Kisha kila kipimo kining'inize kwenye kitu ambacho tayari unakifanya. Peter Gollwitzer amechunguza sana jambo hili: mtu anayeandika "nikifika hapa, nafanya hivi" hutekeleza zaidi kuliko anayeandika nia peke yake, kwa sababu hasubiri kukumbuka wala kujisikia. "Nitawasikiliza watoto zaidi" ni nia. "Nikishavua sare na kunawa, kabla sijafungua simu, naenda kukaa kitandani kwa mdogo" ni mpango. Andika namna hiyo, hata kama sentensi itaonekana ya kitoto.

Umesema hii ni njia ya kistaarabu ya kujidanganya. Inaweza kuwa, sikatai. Nimemwona mtu akibadilisha "malengo yanayofuata tunu zake" mara nne kwa mwaka, na tunu pekee niliyoiona mimi ilikuwa kulala. Kwa hiyo kuna masharti mawili ninayoyasisitiza. La kwanza, usibadili lengo siku ambayo limekuuma. Juni ulichana ukurasa palepale ulipoona hujatimiza hata moja. Siku hiyo ulikuwa mgonjwa, na mgonjwa hajiandikii dawa. Weka siku ya mapitio, tuseme Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, na mabadiliko yote yangoje siku hiyo, hata ukiwa na hakika. La pili, ukishabadili, angalia kalenda baada ya mwezi. Kuna siku ngapi ambazo mtu mwingine angeweza kuona kwa macho umefanya kitu kwa ajili ya tunu ile? Zikiwepo, umebadili njia. Kama hakuna hata moja, umekimbia, na hapo tuzungumze habari ya woga, tusizungumze habari ya malengo.

Na mengine hayapindi hata kidogo. Leseni yako ya uuguzi. Vidonge vya presha vya mama. Ada. Na zaidi ya yote hiyo kausha damu ya laki tano: hakuna kuku wala paa litakalokua kwa kasi ya riba yake. Hilo liwe lengo lako moja gumu, lenye namba na tarehe, SMART kuanzia S mpaka T, na lisomeke kabla ya mengine yote. Kama una hisa kwenye kikoba chenye riba ya kibinadamu au SACCOS ya kazini, ongea nao wakuhamishie deni. Watu huona aibu kuwaambia wanakikundi wenzao, wakaendelea kulipa aibu hiyo kwa riba.

Kazini huna uhuru wote huu. PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya OPRAS, ina vipindi vyake na mkuu wako ana malengo yake. Jaza kama inavyotakiwa, usianze kumfundisha matroni habari za tunu. Unachoweza kuchagua ni namna. Ukiamua kwamba kwa zamu yako mgonjwa hatoki wodini bila kuelewa dawa zake anakunywaje, hiyo hakuna anayekuwekea alama, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama utarudi nyumbani umechoka tu au umechoka na kukinai.

Nirudi kwa mama, kama nilivyoahidi. Chukua kalamu uandike yale uliyoyafanya tangu Machi, kwa saa na kwa shilingi. Kumgeuza, kumlisha, kumwogesha, mazoezi ya mkono uliokufa ganzi, usiku uliokesha. Kama kumtunza aliyekuzaa ni tunu kwako (na umeuza paa kwa ajili yake, kwa hiyo naamini ni tunu), basi miezi hii hukusimama mahali pamoja. Ulifanya kazi kubwa kuliko mistari yako yote sita, na daftari halikuwa na mstari wa kuipokea. Uongeze. Uwe wa kwanza.

Lakini tunu hiyohiyo inaweza kugeuzwa kamba ya kukunyongea, hasa mtoto wa kike anapokuwa karibu na kaka wako mbali. Kupiga simu kuulizia hali si kuuguza. Itisha kikao, hata cha simu, mwalike na mjomba au shangazi anayeheshimika, na usiseme "naombeni msaada", maana msaada kila mtu ana tafsiri yake. Taja: kila mwezi pampasi na dawa ni kiasi hiki, tugawane kwa tatu; na kila baada ya wiki sita mmoja wenu anakuja kukaa siku tano nipumzike, au anamlipia msichana wa kumhudumia mama siku hizo. Huenda wakakasirika. Huenda mmoja akakataa kabisa, nawe utakuwa umejua la kupanga badala ya kuendelea kusubiri. Nakiri kwamba hapa hakuna mbinu ya daftari inayoweza kuongeza hela isiyokuwepo. Kuna miaka ambayo hesabu sahihi ni kuvuka na watu wote wakiwa hai.

Kuna malengo utakayoyaaga moja kwa moja. Carsten Wrosch na wenzake, katika tafiti walizochapisha mwaka 2003, waliona kwamba watu wanaoweza kuliachia lengo lisilowezekana na kushika jingine lenye maana kwao huwa na hali nzuri ya moyo kuliko wanaong'ang'ania. Sehemu zote mbili zinahitajika. Kuachia bila kushika kingine kunamwacha mtu mtupu. Ukiaga, ruhusu ikuume. Usijiambie "nilikuwa sikitaki hata hivyo", kama yule sungura na ndizi zake.

Ninalotaka ulichukulie kwa uzito ni hili. Umesema roho inakuuma, na hujaniambia unalalaje siku ambazo huna zamu. Kama kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku umekuwa na huzuni isiyoondoka, au hufurahii hata kitu ulichokuwa unakipenda, huku usingizi na hamu ya kula vimeharibika, unajiona huna thamani, basi tatizo limeshavuka malengo na linahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Najua mnavyofikiri nyie wauguzi: nitaonwa na wenzangu. Basi nenda mkoa wa jirani, au Muhimbili, lakini nenda. Na kama mawazo yamefika kwenye "bora nisiwepo", usisubiri siku ya mapitio wala majibu ya barua: mwambie mtu mmoja leo hii, na asikuache peke yako mpaka mfike hospitali. Ofisa ustawi wa jamii wa hapo hospitalini kwenu anaweza pia kukaa nawe na kaka zako kama kikao cha familia kitashindikana.

Daftari jipya usinunue. Tumia hilohilo, pale pengo la ukurasa uliouchana lilipo, uanze ukurasa unaofuata kwa mistari mitatu: mama, watoto, deni. Mingine ikae nyuma ya daftari mpaka mapitio ya mwezi wa tatu kutoka sasa.

Na ile mifuko saba ya saruji uliyonunua Februari, kaipapase wiki hii. Saruji haikai, hasa kwa unyevu wa masika iliyopita. Ikiwa bado haijaganda, mwuzie jirani anayejenga sasa na hela yote ipeleke kwenye kausha damu. Nondo ziinue juu ya matofali zisiguse ardhi, zifunike turubai. Hizo zinakaa.